Bei Nzuri Inatosha?

Mkulima akishalipwa bei nzuri, bado anadai kitu? Mwaka 1997 wakulima wa kakao wa Ghana, wanachama wa ushirika wa Kuapa Kokoo, walijibu kwa kura kwamba wanadai.

Wangeweza kuendelea kuuza kakao ghafi tu, iliyovundikwa kwenye majani ya migomba na kuanikwa juani. Badala yake wakaamua kuingia soko la Uingereza kama wamiliki. Mwaka 1998 ikaanzishwa London kampuni ya chokoleti ambayo baadaye iliitwa Divine, theluthi moja ya hisa ikiwa yao. Mwaka 2006 kampuni ya vipodozi ya The Body Shop, mwanahisa mwenzao, iliwapa hisa zake bure, wakafikia asilimia 45, na wawakilishi wao walikaa kwenye bodi.

Umiliki humpa mtu haki ya kuhoji na kukataa, jambo ambalo bei peke yake haiwezi. Lakini mwenye hisa hubeba pia hasara. Mwaka 2020 kampuni ya Kijerumani, Weinrich, ilichukua sehemu kubwa ya hisa za Divine, fungu la wakulima likapungua.

Je, waliteleza? Hapana. Kwa zaidi ya miaka 20 waliotoa jasho walishiriki kuamua hatima ya jasho lao.