Kadari na Mikono Yetu

Mgonjwa akizidiwa, jamaa waliomzunguka hushusha pumzi na kusema kwamba ni amri ya Mungu. Na kauli hiyo, iliyowaliwaza wazee wetu katika misiba isiyo na idadi, mimi siibezi, ila nauliza kama ni halali kuitamka pale ambapo maradhi yamepita njia tuliyoichimba wenyewe.

Hapa Nkubu, msimu wa kahawa, mama huinama ukingoni mwa mto Thingithu, akalisukuma povu kwa kiganja kabla ya kuzamisha jerikeni, kwa kuwa huko juu buni zimemenywa na kuoshwa, na maji ya maganda yamerudi mtoni yakinuka uchachu. Juu zaidi uko msitu wa Mlima Kenya, ambao uchunguzi wa angani wa mwaka 1999 uliukuta umepoteza mikafuri zaidi ya 6,700. Na msitu ukipungua, mvua haizami ardhini, bali huporomoka ikizoa kinyesi cha mifugo na taka za vyoo. Mtoto wa mama huyo akiharisha, tabibu humpa maji ya chumvi na sukari, akapona, kisha akarejea kunywa maji yale yale.

Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilinena kwamba siha si kukosa maradhi tu, bali ni ukamilifu wa mwili, akili na maisha ya jamii. Mto na msitu havikutajwa. Mwaka 2015 jopo la wataalamu wa Wakfu wa Rockefeller na jarida la Lancet likalijaza pengo hilo, likaonya kwamba ustawi wetu wa leo tumeupata kwa kuiweka rehani siha ya watakaozaliwa kesho.

Wenye dini hawana haki ya kulistaajabia onyo hilo, kwani Qur'ani yamwita mwanadamu khalifa katika ardhi, na Kitabu cha Mwanzo chamweka bustanini ailime na kuitunza; na mwenye amana hudaiwa. Maji yapitayo Nkubu huishia Tana, na Tana humwagika baharini Kipini, hata jirani tunayemdhuru huenda tusimwone kamwe.

Kuyaita kadari matendo ya mikono yetu ni kumsingizia Mola. Basi tumwombee mgonjwa dua, na siku iyo hiyo tuufuate mto hadi juu, tukakizibe kinachomrudishia ugonjwa.