Samaki Mbichi wa Westlands

Mhariri mmoja alinilipa nauli na pesa ya chakula niende Nairobi nikaandike kuhusu vyakula vya Kijapani jijini. Mimi mtoto wa Garissa, niliyeacha chuo mwaka wa pili na sasa ninaishi kwa kuandika chochote kinacholipa, sikuuliza maswali mengi. Nilipanda basi asubuhi, nikavuka daraja la Tana nikiwa nimelala, na jioni nikajikuta Westlands mbele ya kisahani cha jodari mbichi.

Kwanza nilimwita mhudumu. Kuna nguruwe hapa? Wali umetiwa mirin, ule mvinyo mtamu wa mchele ambao Wajapani hupikia? Akaenda jikoni, akarudi: kwenye wali ni siki, sukari na chumvi tu. Basi sababu ya dini ikawa imeisha. Kilichobaki ni kinyaa. Mhudumu, dada mpole sana, akanifundisha neno ambalo Wajapani husema kabla ya kula, itadakimasu, yaani napokea kwa unyenyekevu. Nikasema bismillahi, nikaongeza na hilo, nikafumba macho, nikameza.

Tuseme ukweli, si mbaya. Laini, baridi, haina ile harufu niliyokuwa naiogopa. Nikapiga picha, nikaitupa kwenye grupu letu la WhatsApp la watu tuliosoma pamoja. Sifa zikamiminika. "Umekuwa mtu wa dunia, buda!" Nikajiona mkubwa kweli. Halafu mmoja akaandika: "Si wewe ndiye ulihama dawati?"

Nilihama, ndiyo. Darasa la tano nilikaa na mvulana Mmunyoyaya. Kama hujafika kwetu, Wamunyoyaya wanaishi kando ya Tana, karibu kabisa na mji, wanalima na kuvua. Mchana alifungua chakula chake, kambale na ugali. Sisi wengine, watoto wa wafugaji, tulikua tukisikia kwamba samaki ni chakula cha mtu asiye na ng'ombe wala ngamia. Nikaziba pua. Nikamwambia mwalimu dawati linanuka, nikahamishwa. Darasa zima likacheka. Siku zilizofuata yule kijana alikula nyuma ya darasa peke yake, na baadaye akaacha kabisa kubeba chakula. Alikuwa akishinda njaa, na mimi nilijua.

Nilirudi hotelini na swali ambalo halikuwemo kwenye kazi niliyolipiwa. Samaki mbichi wa mtu wa mbali amenipa sifa. Samaki aliyepikwa vizuri na mama wa jirani yangu alinifanya nihame. Tofauti ni nini hasa?

Dini haikuwa. Samaki ni halali, hata kuchinjwa hahitaji. Na kuna hadithi mashuhuri ya Mtume kuletewa nyama ya mjusi wa jangwani. Hakumla, akaeleza kuwa mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, lakini hakumharamisha, na Khalid bin Walid akamla palepale mbele yake. Mimi huirudia hadithi hiyo mara kwa mara siku hizi. Mtu ana ruhusa ya kutopenda chakula. Ayeeyo wangu hajaonja samaki hadi leo na sina mpango wa kumlazimisha. Ila Khalid hakuambiwa ananuka, wala hakuna aliyehama sufuria.

Wala usidhani Wajapani wenyewe wako safi katika mambo haya. Mwaka 675 Mfalme Tenmu alipiga marufuku nyama ya ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku kwa miezi kadhaa ya mwaka, na kwa karne nyingi nyama ikatazamwa kama uchafu. Waliochinja na kutengeneza ngozi wakatengwa, wakawa tabaka la kudharauliwa kwa kuzaliwa tu. Sheria ya kuwatenga ilifutwa mwaka 1871. Mwaka uliofuata Mfalme Meiji akala nyama ya ng'ombe hadharani, nyama ikawa ishara ya maendeleo, na watu wakaikimbilia. Kizazi cha wale wachinjaji, wanaoitwa burakumin, kiliendelea kubaguliwa katika kazi na ndoa. Yaani nyama ilisamehewa kabla ya mchinjaji. Hapo nilisimamisha kusoma kidogo.

Hata sushi hii ya kubanwa kwa mkono, tunayoilipia karibu shilingi 2,000 kisahani, ilianza miaka ya mwanzo ya 1800 kule Edo, mji ambao sasa ni Tokyo, kama chakula cha vibanda vya barabarani. Cha watu wenye haraka. Nina hakika ingeletwa Garissa na mtu maskini kwenye beseni kichwani, ningeziba pua vilevile. Kwa hiyo ule ujasiri wangu wa Westlands nauona wa bei rahisi, ingawa bili ilikuwa kubwa. Na lile neno la unyenyekevu lilinitoka mdomoni kirahisi mno.

Makala ya mhariri niliiandika, akaipenda. Haya hayamo.

Niliporudi nyumbani nilishuka hadi mtoni. Nilimuulizia yule kijana. Wakaniambia alishahamia Mombasa, namba yake hawana. Mzee mmoja alikuwa anachoma ngege juu ya makaa. Nikaomba mmoja, nikalipa, nikaketi. Miiba mingi, nami sijui kuichambua. Mzee akanionyesha kwa vidole. Sikumpenda sana yule samaki, lakini nilimaliza.

"Unafanya kazi gani, kijana wangu?"

Nikamweleza kuhusu Nairobi na Wajapani na samaki wao.

"Wanampikaje?"

"Hawampiki, mzee. Mbichi."

Akaacha kugeuza samaki, akanitazama kama mtu aliyeambiwa nimekula mchanga.

"Mbichi? Na wewe ukala?"

Akacheka, akashika kigoda chake, akakisogeza mbali nami kidogo.