Mkasi wa Mwandishi na Daftari la Mwanamke

Lipo swali moja ambalo mwandishi wa riwaya aghalabu hulikwepa mpaka siku limfikie mlangoni: ana haki gani juu ya yale ambayo mtu mwingine ameyahifadhi, na ana haki gani juu ya yale ambayo mtu huyo ameyaficha? Twapenda kulitazama swali hili kwa kupita njia ambayo wengi wataiona nyembamba, nayo ni riwaya zinazowahusu wanawake waliounganishwa na mapenzi ya kutengeneza madaftari ya kumbukumbu.

Daftari tulisemalo si la hesabu wala la masomo. Ni kitabu chenye kurasa tupu ambamo mwenyewe hubandika picha za jamaa, vipande vya magazeti, kadi za harusi, tiketi za safari na maua yaliyokauka, kisha pembeni akaandika maneno machache kwa mkono wake. Desturi hii ilienea sana Marekani katika karne ya 19. Mwandishi Mark Twain, ambaye mwenyewe aliyapenda madaftari hayo, alipata mwaka 1873 hati ya kulinda uvumbuzi wake wa daftari lenye kurasa zilizokwisha kupakwa gundi, ikawa kazi ya mbandikaji ni kulowesha tu. Baadaye desturi ikawa sababu ya wanawake kukutanika, na watunzi wakaifuata huko huko. Mwaka 2003 Laura Childs alitoa riwaya iitwayo Keepsake Crimes, ya kwanza katika mfululizo wake. Mhusika mkuu ni mwanamke mwenye duka la vifaa vya kubandikia katika mji wa New Orleans. Rafiki zake hukutana naye dukani, na katikati ya karatasi na gundi huzuka habari ya mauaji inayohitaji kufumbuliwa.

Wapo watakaocheka na kusema kwamba mkasi na gundi si jambo la kujengea riwaya. Sisi hatukubali. Mbona mtunzi akiwaketisha wanaume barazani wakicheza bao, hapana anayemcheka? Baraza hupendwa na watunzi kwa sababu ndipo watu wasemapo. Basi na wanawake wanaosuka ukindu pamoja, au wanaokutana kwa mchezo wa upatu, nao wana baraza lao. Mikono ikishughulika, ulimi hulegea. Na pale ulimi ulegeapo ndipo riwaya ianziapo. Shaaban Robert hakudharau maisha yaliyoanza na vyungu vya udongo alipoandika wasifu wa Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyevichukua vyungu kwenda kuviuza kabla sauti yake haijasikika ng'ambo ya bahari.

Tena madaftari yenyewe si mchezo mtupu. Elizabeth Smith Miller na bintiye, Anne Fitzhugh Miller, wa Geneva katika jimbo la New York, walibandika kati ya mwaka 1897 na 1911 habari za wanawake wa Marekani waliodai haki ya kupiga kura. Haki hiyo ilitiwa katika katiba ya nchi yao mwaka 1920, na madaftari ya mama na mwana yamehifadhiwa hata leo katika Maktaba ya Bunge huko Washington. Vipande ambavyo wengine wangefungia bidhaa vimekuwa ushahidi wa historia.

Hata hivyo, kustahili kuandikwa ni jambo moja, na namna ya kuandika ni jambo jingine. Mwenye daftari hushika gundi kwa mkono mmoja na mkasi kwa mkono wa pili. Picha ya harusi ataibandika. Barua ya talaka ataichana. Mtoto aliyefaulu atapewa ukurasa mzima. Aliyeleta fedheha huenda asionekane kabisa. Hatuwezi kumlaumu. Daftari ni lake, na mtu ana haki ya kuchagua atakavyokumbukwa.

Mwandishi wa riwaya hana ruhusa hiyo. Akiwaeleza wanawake kama walivyojibandika, wakicheka katika kila ukurasa, atakuwa ameandika kadi ya salamu. Wajibu wake ni kuonyesha kwamba upo ukurasa uliochanwa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilizuiliwa shuleni kwa muda kwa kuwa ilifunua ambayo familia nyingi zisingependa kuyabandika. Lakini waliokuja kuisoma walitambua kwamba msiba wa binti yule haukuanzia kwake peke yake; ulianzia nyumbani, katika ukali wa baba usiokuwa na hekima. Lau mtunzi angelikata ukurasa huo, somo lingelipotea.

Hapa tunapaswa kukiri kosa letu wenyewe. Katika ujana wetu, dada yetu mkubwa alikuwa na daftari la namna hii. Kurasa zake zilijaa picha za magazeti, mashairi aliyoyanakili, na picha za shoga zake wa shule. Palikuwa na ukurasa mmoja wenye pengo: gundi kavu yenye umbo la picha iliyobanduliwa, na chini yake tarehe bila jina. Sisi tulijua picha ile ilikuwa ya nani. Tukatunga hadithi, tukabadili majina, tukawasomea wenzetu. Nao wakaisifu mno. Haikupita juma ikamfikia mwenyewe, kwani mtaa mzima ulikwisha kumtambua. Dada hakutugombeza. Alituandalia chai kama siku zote, akatuuliza kama sukari inatosha. Lakini daftari lile hatukuliona tena, wala hatukumwona tena akishika mkasi.

Siku zile tulijitetea kwa methali: mficha uchi hazai. Imetuchukua miaka mingi kuielewa. Mwanamke anayejifungua hujifunua kwa hiari yake, tena mbele ya mkunga. Methali haikumpa jirani ruhusa ya kumvua nguo njiani. Mkunga huyaona yote, mtoto akazaliwa, na watu wakamshangilia mtoto. Lakini mkunga hurudi kwake na mdomo wake umefungwa.

Basi twadhani hiyo ndiyo njia ya mwandishi. Ukweli ambao ni wa wote, kama vile ukali wa baba, upweke wa mjane, au hofu ya msichana aliyedanganywa, auzae bila woga, kwani ukifichwa utawadhuru wengine. Lakini tarehe, sura na nyumba ya mtu fulani si mali yake, hata akiwa amezijua kwa kupendwa na kuaminiwa. Kubadili majina peke yake hakutoshi, sisi tuliyabadili. Na ajiulize kabla hajakabidhi kazi yake: mtu huyu akiisoma, atapata faraja kwamba hakuwa peke yake, au atatafuta mahali pa kuficha uso?

Enyi vijana mnaojifunza kutunga, yaandikeni madaftari ya mama zenu na dada zenu, wala msiyaone madogo. Mkikuta pengo, lionyesheni pengo. Picha iliyobanduliwa mwacheni nayo mwenyewe.