Nakshi Iliyofichwa

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Je, kizuri kilichofichwa kitajiuzaje? Tuitazame saa ya mfukoni ya Uswisi ya karne ya 19. Kifuniko chake cha dhahabu au fedha kilichongwa nakshi za maua, nacho kilionwa na kila mtu. Lakini ndani ya saa zilizo bora mna vyuma vilivyosuguliwa hadi kung'aa, kingo zikalainishwa, na mistari sambamba ikachorwa juu yake mithili ya mawimbi. Mwenye saa huenda asivione maishani mwake. Huviona fundi aifunguaye kuitengeneza.

Yupo atakayesema kazi hiyo ni bure. Mwaka 1886 jimbo la Geneva lilitunga sheria ya kupiga muhuri mitambo ya saa zilizostahili, ili mnunuzi apate kuamini asichokiona. Twaona kuwa muhuri humlinda mnunuzi, lakini haumwumbi fundi. Mkono uliozoea kudanganya gizani hauwi mwaminifu mwangani. Nasi walimu, ambao matayarisho yetu ya usiku hayaonwi na mwanafunzi, tujiulize: chini ya kifuniko chetu mna nini?