ASIYEMTENGA MNYAMA MGONJWA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu! Imepokewa kwa Abu Huraira kuwa Mtume (s.a.w.) alimkataza mwenye ngamia wagonjwa kuwapeleka walipo ngamia wazima. Wako watu wakikumbushwa haya hujibu kuwa killa jambo ni kwa kudra ya Mungu, na kwamba ugonjwa hauambukizi. Ni kweli kuwa ugonjwa haudhuru kwa nguvu zake wenyewe. Lakini aliyetufunza hilo ndiye aliyekataza kuwachanganya wanyama! Mwenye kushika neno moja na kuliacha la pili anaitafutia hoja biashara yake, haitafuti dini.

Itazameni sotoka. Iliingia upande wa Massawa mwaka 1887, pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli kulisha jeshi la Kitaliani. Kabla ya miaka kumi kwisha ilikwisha pita Umasaini na kuvuka mto Zambezi. Ng'ombe wakafa makundi kwa makundi, na nyuma yao njaa ikaua watu. Haikutangazwa kuwa imetoweka duniani mpaka mwaka 2011, baada ya chanjo na taabu nyingi.

Wala haya si ya watu wa bara peke yao. Mwaka 2000 homa ya Bonde la Ufa ilizuka Saudia na Yemen, na Saudia ikaizuia mifugo ya Somalia mpaka mwaka 2009. Miaka tisa! Mwenye mbuzi mzima akafungiwa mlango wa soko la Hijja sawasawa na mwenye mgonjwa.

Na leo iko sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyothibitishwa Tanzania mwaka 2008. Mbuzi hutokwa na makamasi, hufanya vidonda mdomoni, huhara. Mtu humwona hivyo Idi ikikaribia, akampangusa pua, akamwahisha mnadani kabla bwana mifugo hajapata khabari. Huyo amemghushi mnunuzi mmoja, na zizi la mnunuzi, na mazizi ya jirani zake ambao hata hawajui jina lake.

Basi aliyenunua mnyama na amtenge majuma matatu kabla ya kumchanganya na wenziwe. Na wewe nahodha, ukiletewa mbuzi usiku pasipo cheti cha daktari wa wanyama, usiwapakie, ijapokuwa nauli ni maradufu.

Wabillahi taufiki.