Limewaka, Lakini Je, Limepona?

Kiswahili chetu kina tabia ya kuyapa magari hiari. Gari likishindwa kuwaka tunasema limekataa, halitaki, limegoma. Ni kitenzi kilekile tunachokitumia kwa wafanyakazi walioacha kazi kudai haki zao. Mtu amesimama Msimbati saa kumi na mbili asubuhi, samaki wameshapakiwa kwenye matenga, barafu inayeyuka, anageuza ufunguo na kusikia "ka!" moja kavu. Hasemi kwamba umeme haukufika wa kutosha kwenye stata. Anasema, "Limeanza tena mambo yake." Naipenda lugha hii na sina nia ya kuisahihisha. Ila inafunika swali ambalo nimekuwa nikilitafuna kwa muda sasa. Fundi anapofanikiwa kuliwasha gari lililogoma, amejua nini hasa? Na kama hakujua kitu, ile pesa aliyopokea ni ya nini?

Wapo watakaosema swali hili ni la gereji, si la watu wa vitabu. Sawa, twende gereji basi.

Injini ya petroli haina mambo mengi. Inataka hewa iliyobanwa vya kutosha, mafuta, na cheche iliyokuja kwa wakati wake. Ya dizeli hata cheche haihitaji, joto la hewa iliyobanwa linatosha kuyawasha mafuta. Kabla ya yote hayo lazima kiwepo cha kuizungusha, yaani stata, na stata inategemea betri na nyaya nene za kuleta na kurudisha umeme. Ndiyo maana fundi mzuri swali lake la kwanza ni "Inazunguka, au haizunguki?" Kama inazunguka lakini haishiki, tafuta mafuta na cheche. Kama haizunguki kabisa, achana na plagi, achana na pampu ya mafuta, hazihusiki. Ungeshangaa ni plagi ngapi zimefunguliwa nchi hii kwa kosa la betri.

Sasa kisa. Kuna mchuuzi mmoja wa samaki ninayemfahamu, ana pikapu kuukuu ya petroli, kazi yake ni kulala Msimbati na kuamkia Mtwara mjini. Pikapu ikaanza kugoma. Fundi wa kwanza, wa njiani, akasikiliza ile "ka!" akasema betri imekufa. Ikanunuliwa betri mpya. Ikawaka vizuri siku nne. Ilipogoma tena akaenda kwa fundi wa pili, kijana wa mjini, hodari, mwenye maneno mazuri. Huyu akasema betri ni mpya, kwa hiyo stata ndiyo mbovu. Ikafungwa stata ya mtumba. Ikawaka wiki mbili, na jamaa akamsifia kijana kwa kila aliyekutana naye. Halafu asubuhi moja, ufukweni, "ka!"

Fundi wa tatu ni mzee, gereji yake iko chini ya mwembe na ina vumbi jingi kuliko spana. Hakufungua kitu. Aliwasha taa kubwa za mbele, akamwambia dogo wake ageuze ufunguo, yeye akasimama mbele ya gari anaziangalia taa. Hazikufifia. Betri ingekuwa imechoka, stata ingezinyonya zile taa mpaka ziwe nyekundu. Akachukua mita, ncha moja akaigusisha kwenye kituo hasi cha betri, nyingine kwenye chuma cha injini, akaagiza ufunguo ugeuzwe tena. Waya mzima hauruhusiwi kupoteza hata nusu volti hapo. Mita ilisoma volti nne na ushee. Yaani umeme ulikuwa unatoka betri vizuri na unashindwa kurudi. Akafuata waya wa hasi mpaka ulipofungwa kwenye gia boksi, akafungua bolti moja, na chini yake mlikuwa na unga wa kijani. Chumvi ya bahari. Akakwangua kwa msasa, akapaka grisi, akakaza. Elfu tano.

Ukitazama vizuri utaona kilichotokea kwa wale wawili. Betri mpya, ikiwa imejaa chaji, ilikuwa na nguvu ya kuupita ule ukinzani kwa siku chache, mpaka kutu ilipozidi. Stata nayo hukaa jirani na bolti ileile ya waya wa hasi. Kijana alipoitoa stata aliufungua na waya, na alipoirudisha akaukaza upya. Alilitibu gari kweli, ila kwa mkono ambao hakuuona unafanya nini.

Je, mafundi wale walidanganya? Hapa ndipo watu wengi huwahi kutoa hukumu. Mimi nasema hapana, na ndiyo maana jambo lenyewe ni gumu. Tapeli ni rahisi kumjadili. Kijana yule aliamini kabisa kwamba stata ilikuwa mbovu, na alikuwa na ushahidi, kwamba aliibadilisha na gari likawaka. Wangapi kati yetu tuna ushahidi mzuri kuliko huo kwa mambo tunayoyaamini?

Kubadilisha kifaa si dhambi pia. Kwa fundi asiye na vipimo, spea nzima ndiyo kipimo chake. Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha 1843, aliieleza njia hii kwa makini: chukua hali mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na kama tokeo linaonekana katika moja tu, kile kilichotofautiana ndicho chanzo, au sehemu ya chanzo. Ni uchunguzi halali. Lakini una masharti mawili ambayo gereji zetu huyaruka. La kwanza, ubadilishe kitu kimoja tu, na kijana alibadilisha viwili bila kujua, stata na mkazo wa bolti. La pili linauma zaidi. Ukitaka kuwa na hakika, inabidi ukirudishe kifaa cha zamani uone kama ugonjwa unarudi. Ungeirudisha ile stata ya awali, gari lingewaka vilevile, na ungebaki umeshika kichwa.

Nani atafanya hivyo? Mteja ana samaki wanaoharibika. Limewaka, anaondoka. Hata mimi ningeondoka. Kwa hiyo lawama haiwezi kubebwa na fundi peke yake. Sisi wateja tunanunua kuwaka, hatununui kujua, halafu tunalalamika kwamba mafundi hawajui. Na tunaficha mengi pia. Mtu ameweka mafuta ya chupa ya maji kutoka kibanda cha barabarani, akiulizwa anaapa alijaza sheli. Mficha uchi hazai, na gari lake haliwaki.

Kuna sehemu ya kisa hiki niliyoiruka makusudi. Baada ya betri na stata kushindwa, mama mkwe wa yule mchuuzi alisema wazi kwamba huo ni mkono wa mtu. Hoja yake ilikuwa hii: kwa nini pikapu haigomi ikilala mjini? Kwa nini kule ufukweni tu, na alfajiri tu, mzigo ukiwa tayari? Mkwewe alicheka. Mafundi wawili wa kwanza nao, alipowasimulia, walicheka.

Evans-Pritchard, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wazande wa kusini mwa Sudani, aliandika mwaka 1937 kuhusu ghala linaloanguka na kuwaumiza waliokaa kivulini chini yake. Wazande walijua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Walichouliza ni kwa nini lianguke saa ile ile walipokuwa wamekaa watu wale wale. Wasomi wengi husoma habari hiyo kama mfano wa imani ya watu wasiojua sayansi. Mimi naona swali lao lilikuwa kamili kuliko letu. Mama mkwe aliuliza "kwa nini pale na saa ile", na hilo ndilo swali hasa ambalo fundi wa kwanza na wa pili hawakuuliza. Jibu lake lilikuwa pale pale: umande wa usiku, upepo wa bahari, chumvi inayoloa ndani ya kiungio na kukauka jua likipanda. Mzee wa chini ya mwembe, kabla ya kugusa taa, aliuliza gari linalala wapi. Yeye na mama mkwe waliuliza jambo moja. Walichotofautiana ni mahali pa kwenda na jibu.

Tena tusiudharau mkono wa mtu upesi hivyo. Kuna miaka ambayo ulikuwepo kweli kwenye matangi yetu. Wanaokumbuka 2010 watalikumbuka neno uchakachuaji lilivyovuma, mafuta ya taa yanachanganywa kwenye dizeli na petroli kwa sababu yalikuwa rahisi zaidi. Mwaka huohuo EWURA ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwabaini wachanganyaji, na 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchakachua ipungue. Neno lenyewe likatoroka vituo vya mafuta likaingia kwenye siasa, kura zikawa zinachakachuliwa, kisha kila kitu. Gari lililokataa kuwaka kwa sababu hiyo lilikuwa na chanzo cha kikemia na chanzo cha kibinadamu kwa pamoja, na fundi aliyesafisha nozo akanyamaza kuhusu mafuta alikuwa ametibu nusu.

Mtwara inajua gharama ya kubadilisha spea bila kuuliza. Bandari yake ya kina kirefu na ile reli ya kwenda Nachingwea, iliyokuja kung'olewa, vilitokana na mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 na kuachwa 1951. Matrekta yaliposhindwa vichaka, wakaleta mengine yaliyoundwa kutokana na vifaru vya Sherman. Kule Kongwa udongo ulikuwa unakauka na kuwa mgumu kama tofali wakati wa kuvuna, na mvua haikutosha. Trekta halikuwa ugonjwa. Lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Nirudi kwa mzee, maana kuna jambo alilofanya ambalo sikubaliani nalo. Mwenye gari alipouliza, "Kwa hiyo Mzee, ile betri na stata zilikuwa nzima?" mzee alijibu, "Nazo zilikuwa zimechoka." Mzee hakuwahi kuziona. Nilimuuliza baadaye, tukiwa wawili.

"Mwanangu," akasema, "nikimwambia zilikuwa nzima, kesho anakwenda kudai pesa yake. Yule kijana ana watoto wadogo. Na mimi kesho nitahitaji jeki yake."

Ni jibu la mtu mwema, na anayeishi peke yake bila majirani asilicheke. Ukweli ambao ungemrudishia mchuuzi sehemu ya pesa yake ungevunja gereji mbili zinazoazimana vifaa kila siku. Mzee alipima akaona amani ni nzito kuliko laki na kitu iliyokwishatumika. Ningeweza hata kulikubali hilo.

Ninachoshindwa kukikubali ni kinachobaki kwa kijana. Gari lililomshinda halikurudi kwake. Magari yanayomshinda fundi huenda kwa fundi mwingine, na yeye hubaki na kumbukumbu ya yale yaliyowaka tu. Kwa hesabu ya kichwani mwake yeye hajakosea hata mara moja. Kila mteja aliyeondoka akiwa ameridhika ni shahidi, na mashahidi wa upande wa pili wako kwa mzee chini ya mwembe, na mzee amenyamaza kwa huruma. Hapo huruma imemnyima kijana kitu pekee ambacho angekihitaji ili awe fundi. Anaendelea kuuza stata kwa moyo mweupe kabisa, na mtu wa moyo mweupe huwezi hata kumshtukia.

Nikamwambia mzee si lazima mwenye gari ajue. Kijana ndiye ajue. Unaweza kumwonyesha bolti na ule unga wa kijani, mkiwa wawili, bila kutaja pesa. Alikaa kimya, akamtuma dogo maji ya kunywa. Kisha akasema ni kweli, atamwambia Ijumaa wakitoka msikitini.

Ijumaa mbili zimeshapita. Juzi nilipopita pale kwa kijana, alikuwa amelala chini ya Noah moja nyeupe, miguu tu ndiyo inaonekana, anafungua stata.