Samahani Iliyoandikwa Mapema

Mwaka jana nililipwa kuandika samahani ya kosa ambalo halijatokea.

Kampuni ilikuwa ndogo, ya kusaga unga wa lishe: mahindi, ulezi, soya, karanga. Mwenye nayo, mama aliyeianza jikoni kwake, alihitaji mpango wa mawasiliano wakati wa dharura kwa sababu duka moja kubwa lilikataa kupokea bidhaa zake bila huo mpango. Nikaandika kama nilivyofundishwa chuoni: nani msemaji, nani anapigiwa simu kwanza, nani haruhusiwi kuongea na waandishi wa habari. Kisha nikaandika taarifa yenyewe, na nafasi za kujaza siku ikifika: "Tumesikitishwa na taarifa za ______. Afya ya wateja wetu ni kipaumbele chetu. Uchunguzi unaendelea."

Niliisoma mara mbili. Haikuwa na uongo hata mmoja. Lakini mzazi mwenye uji mezani angeimaliza bila kujua kama ampe mtoto au amwage.

Hatari kubwa ya unga wa namna ile ni sumukuvu. Huioni kwa macho, na moto wa jikoni hauimalizi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafa. Mlaji hana jinsi ya kujikinga nayo akiwa mezani, anamtegemea aliyepima. Ndipo nikajiuliza: anayejua anadaiwa nini na asiyejua, na deni hilo linaanza lini?

Jibu la ofisini ni kwamba linaanza ushahidi ukikamilika. Nilipokuwa nikitafuta mifano ya kuweka kwenye mpango, nilirudi tena na tena kwenye mlipuko wa listeria Afrika Kusini. Tarehe 4 Machi 2018 waziri wa afya alitangaza kuwa chanzo kilikuwa kiwanda cha Enterprise kilichoko Polokwane, wakati huo mali ya Tiger Brands, kilichokuwa kikitengeneza polony. Zaidi ya watu 200 walikufa katika mlipuko ule, watoto wachanga wakiwa wengi miongoni mwao. Kampuni iliondoa bidhaa madukani, lakini mkurugenzi wake aliwaambia waandishi kwamba hawakuwa na habari ya uhusiano wa moja kwa moja kati ya bidhaa zao na vifo.

Pengine mwanasheria angeisifu sentensi ile. Listeria inaweza kukaa mwilini wiki kadhaa kabla mtu hajaugua, kwa hiyo kuunganisha mlo fulani na mgonjwa fulani ni kazi ngumu kweli. Ila aliyezika mtoto alikuwa anasikiliza kwa sikio lingine. Yeye aliuliza kilichompata mwanawe, akajibiwa kama vile wako mahakamani.

Nilimkumbuka mama yangu. Alikuwa mama ntilie karibu na gereji. Asubuhi moja, nikiwa darasa la sita, alionja maharage aliyokwisha kuyauza nusu sufuria, akasimama kimya. "Naona kama yanataka kuchacha," akasema. Hakuwa na hakika. Akanituma nizunguke: "Waambie mama kasema wasile, wamwage, hela zao nitawarudishia." Nilikuwa na aibu ya kufa. Fundi mmoja alicheka, akaendelea kula, na hakuumwa. Wengine wawili walihamia kwa jirani yetu moja kwa moja. Wiki ile tulikula ugali kwa chumvi.

Hadithi hii nilimsimulia mwenye kampuni nilipompelekea mpango uliobadilika. Mstari wa kwanza sasa ulisema: "Usile unga wenye namba hii: ______." Chini yake: rudisha dukani, pesa yako utapewa, aliyekwisha kula na anajisikia vibaya aende kituo cha afya. Masikitiko yetu niliyashusha mwisho. Na niliandika kwamba taarifa itoke kukiwa na shaka ya msingi, kabla ya majibu ya pili ya maabara.

Alisoma polepole. "Mwanangu," akasema, "mama yako alikuwa na sufuria moja. Mimi nina wanawake kumi na wanane wanaochambua karanga pale nje. Nikisema msile, halafu maabara ikasema unga ni mzima, nani atanunua tena? Nao watoto wao watakula nini?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sitajifanya nililipata baadaye. Alichosema ni kweli. Lakini hasara ya tahadhari ya bure inaweza kuhesabiwa, ikagawanywa, hata ikakopewa benki. Wale wanawake tunaweza kukaa nao, tukawaeleza, tukawalipa nusu mshahara. Mtoto aliyekunywa uji wakati sisi tunasubiri majibu hakushirikishwa katika uamuzi huo, na hatuwezi kumlipa. Nilimwambia hivyo, kwa sauti ya chini, maana yeye ndiye aliyekuwa akinilipa.

Akachukua kalamu. Mstari wa kwanza hakuufuta. Pembeni yake aliandika: "Nani anaamua shaka ni ya msingi?" Kisha akaandika jina lake mwenyewe, na namba yake ya simu ya nyumbani.